EM-2: Bunduki iliyotangazwa Bungeni, ikafutwa kabla ya kufika kambini

Tarehe 25 Aprili 1951, Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, Emanuel Shinwell, alilitangazia Bunge la nchi yake kwamba jeshi litaiacha bunduki yake ya siku nyingi na kuchukua mpya kabisa. Bunduki hiyo ilikwishapewa jina rasmi, Namba 9, lakini historia imeikumbuka kwa jina la karakana: EM-2, herufi zinazoashiria modeli ya majaribio. Kabla mwaka mmoja haujatimia, uamuzi huo ulikuwa umekufa. Zilikuwa zimetengenezwa bunduki makumi machache tu. Leo chache zilizobaki zimehifadhiwa katika makumbusho na maghala ya kumbukumbu za silaha huko Ulaya na Amerika.

Siku tangazo hilo lilipotolewa, Bujumbura ilikuwa bado ikiitwa Usumbura, makao makuu ya Ruanda-Urundi chini ya utawala wa Ubelgiji. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kudhani kwamba mabishano ya London na Washington kuhusu urefu wa ganda la risasi yangeugusa mji huu wa pwani ya Tanganyika. Hata hivyo yaliugusa. Silaha iliyochukua nafasi ya EM-2 ilitoka katika kiwanda cha Herstal, Ubelgiji, na ndiyo iliyokuja kubebwa na majeshi mengi ya Afrika yaliyozaliwa pamoja na uhuru, likiwemo la Burundi. Jina lake, FAL, si geni kwa watu wazima wa Bujumbura.

Swali lililoanza na risasi

Kuielewa EM-2 kunahitaji kuanza na kile ilichokusudiwa kufyatua. Risasi kamili ya bunduki ina sehemu nne: ganda la shaba nyeupe au chuma, baruti iliyomo ndani yake, fataki inayoiwasha baruti hiyo, na kichwa kinachoruka. Kadiri ganda lilivyo refu na pana, ndivyo linavyobeba baruti nyingi, na ndivyo kichwa kinavyokwenda mbali na kwa nguvu. Lakini nguvu hiyo ina gharama zake. Bunduki hupiga teke begani, risasi huwa nzito kubeba, na silaha inayofyatua mfululizo humshinda askari kuituliza.

Majeshi ya mwanzo wa karne ya 20 yalitumia risasi zilizoweza kuua kwa umbali wa zaidi ya kilomita moja. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilionyesha kwamba askari wa miguu mara chache humwona adui, achilia mbali kumpiga, zaidi ya mita mia tatu au mia nne. Wajerumani ndio waliokuwa wa kwanza kulifanyia kazi jambo hilo kwa upana: walilifupisha ganda la risasi yao kutoka milimita 57 hadi 33, na kuunda bunduki iliyoweza kufyatua risasi moja moja au mfululizo. Warusi walifuata njia hiyo hiyo kwa ganda la milimita 39. Kutokana na ganda hilo ilizaliwa Kalashnikov, iliyopokelewa rasmi na jeshi la Kisovieti mwaka 1949.

Uingereza nayo ilifikia hitimisho linalokaribiana na hilo. Mara baada ya vita, jopo la wataalamu lilipewa kazi ya kutafuta kipimo kinachofaa zaidi kwa risasi ya askari wa miguu. Matokeo yake yalikuwa risasi iliyojulikana kama .280, yenye ganda la milimita 43 na kichwa chembamba cha takriban milimita 7. Ilikuwa na nguvu kuliko ya Kirusi, lakini ilikuwa pole kuliko zile za zamani.

Bunduki fupi yenye mtutu mrefu

Kazi ya kuunda bunduki ya kufyatua risasi hiyo ilifanyika chini ya kiwanda cha serikali cha Enfield. Mhandisi mkuu wa EM-2 alikuwa Stefan Janson, mzaliwa wa Poland, mmoja wa wataalamu wengi wa Ulaya ambao vita viliwapeleka Uingereza.

Janson na wenzake waliupindua mpangilio wa kawaida wa bunduki. Katika bunduki nyingi, chemba na kasha la risasi huwa mbele ya kifyatulio, na nyuma yake hubaki kitako ambacho hakifanyi kazi nyingine ila kukaa begani. Katika EM-2, mitambo yote na kasha lenye risasi 20 vilirudishwa nyuma, ndani ya kitako chenyewe. Kwa namna hiyo bunduki ilifupika bila mtutu kukatwa.

Tofauti inaonekana katika vipimo. Lee-Enfield, bunduki ya komeo ambayo askari wa Uingereza na wale wa King's African Rifles wa Afrika Mashariki waliizoea, ilikuwa na urefu wa karibu sentimita 113 na mtutu wa sentimita 64. EM-2 ilikuwa na urefu wa sentimita 89 tu, na mtutu wa sentimita 62. Ilikuwa na uzito wa takriban kilo 3.5. Lee-Enfield ilibeba risasi 10, na kila moja ilimlazimu askari kuvuta komeo kwa mkono. EM-2 ilijipakia yenyewe kwa nguvu ya gesi ya baruti. Juu yake palikuwa na mpini wa kubebea uliojengewa darubini ndogo ya kulengea, katika zama ambazo darubini ilikuwa kifaa cha walenga shabaha wachache.

Askari wa kushuka kutoka kwenye gari la deraya, wa kuruka kwa mwavuli, au wa kupenya msituni angeipenda silaha ya namna hiyo. Si ajabu kwamba waundaji wake waliamini wameitangulia dunia.

Ugomvi wa Washington

Tatizo la EM-2 halikutokea Enfield. Tarehe 4 Aprili 1949 ulikuwa umeundwa muungano wa kijeshi wa NATO, na muungano wa nchi nyingi una hitaji moja lisiloepukika: askari wa nchi moja akiishiwa risasi, aweze kupewa na mwenzake wa nchi nyingine. Kwa hiyo swali halikuwa tena Uingereza inapenda risasi gani, bali wote watumie ipi.

Mwaka 1950, bunduki tatu zilipelekwa Marekani kushindanishwa: EM-2 ya Uingereza, FAL ya Ubelgiji, na modeli ya majaribio ya Marekani. Wakati huo FAL nayo ilikuwa ikifyatua risasi ile ile ya Kiingereza ya .280. Muundaji wake, Dieudonné Saive wa kiwanda cha FN, alikuwa amekimbilia Uingereza nchi yake ilipokaliwa na Wajerumani, akafanya kazi huko hadi vita vilipokwisha. Wabelgiji na Waingereza walikuwa washirika katika wazo moja. FN hata ilijaribu kuunda FAL fupi yenye mitambo ndani ya kitako kama EM-2, kisha ikaliacha jaribio hilo.

Wamarekani hawakuridhika. Idara ya silaha ya jeshi lao, ambamo utafiti wa silaha ndogo ulisimamiwa na Kanali René Studler, ilishikilia kwamba risasi ya .280 ni dhaifu, na kwamba askari wa Marekani hawezi kupewa risasi yenye nguvu pungufu kuliko ile iliyomshindia vita. Risasi waliyoitaka wao ilikuwa na ganda la milimita 51, fupi kidogo kuliko ya zamani, lakini yenye nguvu zinazokaribiana nayo. Waingereza walijibu kwamba nguvu hizo ndizo hasa zinazofanya bunduki isishikike inapofyatua mfululizo. Hoja zote mbili zilikuwa na msingi. Ila upande mmoja ulikuwa na viwanda, fedha na akiba kubwa kuliko mwingine.

Agosti 1951, mawaziri wa ulinzi wa Marekani, Uingereza, Kanada na Ufaransa walikutana Washington kulitafutia jambo hilo ufumbuzi. Waliachana bila kukubaliana.

Churchill abadilisha mkondo

Oktoba 1951, chama cha Labour kilishindwa katika uchaguzi mkuu, na Winston Churchill akarudi madarakani. Vita vya Korea vilikuwa vikiendelea, na hofu ya vita kubwa zaidi Ulaya ilikuwa ya kweli. Kwa Churchill, kusimama pamoja na Marekani kulikuwa na uzito kuliko ubora wa bunduki yoyote. Januari 1952 alikwenda Washington kukutana na Rais Harry Truman. Viongozi hao walikubaliana kwamba kila nchi iendelee kutegemea bunduki na risasi ilizokuwa nazo ghalani na kiwandani, na kwamba bunduki mpya zitengenezwe kwa kiwango cha majaribio tu huku wakitafuta risasi moja ya wote.

Maneno hayo ya kidiplomasia yalikuwa hukumu ya EM-2. Wahandisi walijaribu kuirekebisha ipokee risasi kubwa zaidi, lakini bunduki iliyobuniwa kwa ajili ya risasi ndogo haigeuzwi kwa urahisi. FAL, kinyume chake, ilirekebishwa. Wabelgiji waliikuza ili ipokee risasi ya Kimarekani ya milimita 7.62 kwa 51, ambayo ndiyo NATO iliyoifanya kipimo chake. Mwaka 1954, serikali ya Churchill ilitangaza kwamba jeshi la Uingereza litachukua bunduki ya Ubelgiji.

Njia ya kuja Afrika

Kabla ya kuipokea kikamilifu, Uingereza ilinunua FAL elfu kadhaa kwa majaribio na kuzigawa kwa vikosi vilivyokuwa kazini. Baadhi yake zilipelekwa Kenya, ambako hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952 ili kuzima harakati za Mau Mau. Neno majaribio lina uzito wake hapo. EM-2 ilipimwa mbele ya mabango ya shabaha. Mrithi wake alipimwa katika koloni ambamo watu walikuwa wakipigania ardhi na uhuru wao.

Kutoka hapo FAL ilienea kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Waingereza, walioiacha katika majeshi yaliyotokana na King's African Rifles huko Kenya, Uganda na Tanganyika. Tanzania baadaye ilielekea China kwa silaha na mafunzo. Njia ya pili ilikuwa ya Wabelgiji wenyewe. FN, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1889 ili kuitengenezea serikali ya Ubelgiji bunduki za Mauser, ilikuwa muuzaji wa kawaida wa silaha kwa makoloni ya nchi hiyo. Burundi ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962, jeshi lake changa lilijengwa juu ya misingi, mafunzo na silaha za Kibelgiji, na FAL ikawa miongoni mwa bunduki zake. Duniani kote, takriban nchi 90 ziliitumia.

Bunduki hiyo ilisifiwa kwa uimara, lakini hoja ya Waingereza ya mwaka 1950 haikufutika. Ikiwa na urefu wa karibu sentimita 109, FAL ni ndefu kwa askari wa kwenye gari au wa mwenye umbo dogo, na ikifyatua mfululizo mdomo wa mtutu hupanda juu. Uingereza yenyewe iliondoa uwezo huo: askari wake walipewa FAL ya kufyatua risasi moja moja tu.

Marekani yabadili mawazo

Sehemu ya kushangaza zaidi ya kisa hiki ilikuja baadaye. Uingereza ilitarajia kwamba Marekani, baada ya kupata risasi iliyoitaka, nayo ingeichukua FAL. Haikufanya hivyo. Mwaka 1957 Marekani iliteua bunduki yake yenyewe, M14. Silaha hiyo haikudumu. Katika misitu ya Vietnam ilikutana na Kalashnikov, ambayo risasi yake ndogo ilimruhusu askari kubeba nyingi na kufyatua mfululizo kwa utulivu. Kufikia katikati ya miaka ya 1960, utengenezaji wa M14 ulikuwa umesimamishwa, na nafasi yake ikachukuliwa na M16 yenye risasi ya milimita 5.56 kwa 45. Hiyo ni ndogo hata kuliko ile ya Kiingereza iliyoitwa dhaifu miaka kumi na mitano tu kabla.

Mwaka 1980, NATO ilifuata na kuikubali milimita 5.56 kuwa kipimo chake cha pili, kwa muundo wa risasi uliobuniwa, kwa mara nyingine, na FN ya Herstal. Mwaka 1985 jeshi la Uingereza lilipokea L85, bunduki fupi yenye mitambo ndani ya kitako, kwa mpangilio ule ule wa EM-2. Na mwaka 2022 jeshi la Marekani liliteua risasi mpya ya milimita 6.8, likisema ile ndogo sasa haitoshi. Baada ya miaka sabini, mabishano yamerudi karibu na kipimo kile kile cha kichwa ambacho jopo la London lilikipendekeza, ingawa risasi ya leo ina nguvu nyingi zaidi.

Je, ilikuwa bora kweli?

Ni rahisi kuisifu silaha ambayo haikuwahi kwenda vitani, kwa kuwa aibu zake hazikupata nafasi ya kuonekana. EM-2 ilikuwa na dosari zilizojulikana. Sehemu zake nyingi zilihitaji kuchongwa kwa mashine kwa uangalifu mkubwa, jambo lililoifanya iwe ghali na ya polepole kuzalisha. Kwa kuwa maganda yalirushwa kando karibu kabisa na shavu, haikufaa kufyatuliwa kutoka bega la kushoto. L85, iliyofuata mpangilio wake, iliingia kazini ikiwa na kasoro nyingi hadi ikalazimika kufanyiwa marekebisho makubwa.

Kwa hiyo hakuna anayeweza kuapa kwamba EM-2 ingefaulu. Kinachoweza kusemwa ni kwamba haikufutwa kwa sababu ya dosari hizo. Ilifutwa kwa sababu risasi yake haikupata mshirika mwenye nguvu.

Funzo kwa ukanda wa Maziwa Makuu

Hapa ndipo kisa cha bunduki ya London kinapoisemesha Bujumbura. Tangu Desemba 2007, askari wa Burundi walihudumu nchini Somalia katika kikosi cha Umoja wa Afrika bega kwa bega na wenzao wa Uganda, na baadaye wa nchi nyingine. Mwaka huo huo Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Majeshi yanayokusudia kufanya kazi pamoja hukutana na swali lile lile lililowakutanisha mawaziri wanne mwaka 1951: risasi ya nani itakuwa ya wote, na nani atakayeiuza.

Funzo la pili linawahusu raia zaidi ya wanajeshi. Bunduki iliyokosa risasi ni rungu. EM-2 ilikufa si kwa kuvunjwa, ila kwa kuwa viwanda viliacha kutengeneza risasi yake. Hata aliyekuwa nayo hakuwa na cha kuipakia. Upande wa pili, Kalashnikov na FAL zimeishi miongo mingi katika ukanda huu, zikipita mikono ya majeshi, waasi na raia, kwa sababu risasi zake hazikuadimika. Mrundi aliyeviona vita vilivyoanza mwaka 1993 hahitaji kuelezwa maana ya silaha kutoadimika.

Ndiyo maana Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo na nyepesi, iliyotiwa saini Aprili 2004 na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Burundi ikiwa mojawapo, inazitaka serikali kuweka alama kwenye silaha zao na kutunza kumbukumbu zake. Kazi hiyo haina mvuto wa bunduki mpya inayotangazwa Bungeni. Ni kazi ya makarani, maghala na madaftari. Lakini EM-2 inathibitisha kwamba hatima ya silaha huamuliwa ghalani kabla ya kuamuliwa vitani: palipofungwa mkondo wa risasi, bunduki iliyosifiwa kuliko zote za wakati wake iligeuka kuwa chuma cha kutazamwa nyuma ya kioo.